Uwezo Unaofanana na Uchawi

Usiku wa jana Tunu Mbaruku aliota kwamba mlango wa chumba chake umekataa kufunguka mpaka aonyeshe kipaji.

Haukuwa umekwama. Mlango wenyewe ulisema.

"Una kipaji cha Kufungua?" uliuliza, kwa sauti ya karani aliyekaribia kwenda kula.

"Nina mkono," Tunu akajibu.

"Mkono ni kiungo. Naulizia kipaji."

"Mbona nakufungua kila siku?"

"Hujanifungua hata siku moja. Ulikuwa unafanya jambo linalofanana na kufungua. Mimi nilikuwa nakustahi tu."

Ili mtu aelewe kwa nini maneno hayo yalimchoma Tunu kama pilipili kwenye kidonda, lazima ajue alikwendaje kulala. Alikwenda kulala na hasira. Hasira yenyewe haikuwa ya kununa na kupitiwa na usingizi. Ilikuwa ile ya kulala chali na kuitazama dari mpaka dari ione haya.

Tunu alikuwa akiishi Makorora, Tanga, nyumbani kwa dada yake Zuhura na shemeji yake Shaweji. Kila Jumapili alasiri, pale sebuleni, walicheza mchezo wa mezani wa kuigiza. Katika mchezo huo kila mchezaji humuumba mhusika wake, mmoja wao huwa msimulizi anayeeleza yanayotokea, na penye shaka hurushwa dadu lenye nyuso ishirini, namba kubwa ndiyo ushindi. Msimulizi alikuwa Shaweji. Kitabu cha sheria kilikuwa cha Shaweji. Na maana ya yaliyomo kitabuni, kama ilivyokuja kuonekana, nayo ilikuwa ya Shaweji.

Mhusika wa Tunu aliitwa Mwanajabali, mwanamke mwenye damu ya majini, ambaye tangu utotoni akiligusa jiwe hulainika kama unga uliokandwa. Mchezaji mwingine alikuwa Pendaeli, mfamasia, mtu wa Same, mpole kupita kiasi, aliyekuwa amehamishiwa Songea. Jana ilikuwa mara yake ya mwisho kucheza nao. Mhusika wake alikuwa Mzee Kiroboto, mwizi mstaafu mwenye magoti mabovu na moyo mkubwa, na hakuna aliyekaa kwenye meza ile asiyempenda mzee huyo.

Jana hiyo Mzee Kiroboto alinaswa nyuma ya mlango wa jiwe, hewa ikimwishia. Tunu hakuwa na wasiwasi. Alikuwa amemlea Mwanajabali kwa miezi ili apate kipaji kimoja tu kiitwacho Mvunja Jabali, kinachofungua mlango wowote wa jiwe, maana kitabuni milango haifunguki kwa mguso mtupu, na jana ndiyo siku aliyofikia kiwango cha kukichukua.

"Sharti," Shaweji akasoma, kidole kikiwa juu ya mstari. "Mhusika awe na uwezo wa kufanya uchawi wa daraja la tatu."

"Ninao," Tunu akasema. "Kulainisha jiwe ni daraja la tatu. Imeandikwa humo humo."

"Ni daraja la tatu kwa mchawi aliyesomea. Wewe umezaliwa nao. Huo si uchawi, shemeji. Ni uwezo unaofanana na uchawi."

"Jiwe halilainiki?"

"Linalainika."

"Kwa namna nyingine?"

"Kwa namna ile ile."

"Sasa tofauti iko wapi?"

"Wako unafanana tu."

Mzee Kiroboto akafa. Pendaeli akacheka kwa adabu, akasema, "Ni mchezo tu, kaka Shaweji," akakusanya vitu vyake. Lakini Tunu alimwona akimeza mate mara mbili kabla ya kuaga.

Hilo nalo lingepita, kama Tunu asingekuwa ameyasikia maneno hayo hayo siku chache kabla, ndani ya nyumba hiyo hiyo. Zuhura ni muuguzi. Aliacha kazi alipojifungua Nasra, kwa makubaliano na mumewe kwamba mtoto akianza shule, naye atarudi zahanati. Mwaka huu Nasra ameanza chekechea, na sare anavaa, na begi anabeba. Zahanati wamemwita Zuhura. Alipomweleza mumewe, Shaweji alijibu bila kuinua macho kutoka kwenye simu: "Chekechea si shule, Mama Nasra. Inafanana na shule." Zuhura alikwenda kuosha vyombo, na aliviosha muda mrefu kuliko vilivyohitaji.

Basi mlango uliposema vile ulivyosema, Tunu aliutupia teke.

Teke halikufika. Mguu ulisimama hewani.

"Si zamu yako," mlango ukasema.

Katika mchezo, kila kiumbe kina zamu yake na tendo lake moja. Kumbe na chumbani mle ilikuwa hivyo hivyo, na Tunu, akiwa amesimama kwa mguu mmoja kama korongo, alilazimika kusubiri.

Kitanda kinachukua zamu yake: kinalia kwii. Pazia linachukua zamu yake: linapepea, linajuta, linarudi. Kandambili ya kulia inasema haina la kusema. Ya kushoto inasema inalo, nalo linahusu ya kulia, na inalieleza kwa kirefu. Mbu anachukua zamu yake. Anatua shingoni mwa Tunu, anajiweka sawa, anauma pasipo haraka yoyote, kwa kuwa anajua kofi halina ruhusa.

Nyuma ya mlango mtu anagonga. Anagonga kama mtu anayepumzika kati ya pigo na pigo.

"Nani?" Tunu akauliza.

"Kiroboto," sauti ikajibu. "Fanya hima, mwanangu. Hewa ya huku inafanana na hewa tu."

Zamu ya Tunu ilipofika, aliuacha mlango, akatoka nje kupitia dirishani, kwa sababu dirisha halikuuliza kitu.

Nje hapakuwa na uchochoro. Palikuwa na ukumbi wa harusi. Viti vimevalishwa vitambaa vyeupe na mafundo ya zambarau mgongoni, feni zinazunguka, pilau inanukia lakini haionekani. Tunu aliutambua mara moja. Ndimo alimoolewa Zuhura.

Jukwaani, pale pa bwana na bibi harusi, alikaa Dadu. Alikuwa mkubwa kama jokofu, mwenye nyuso ishirini, na amevaa kanzu ambayo fundi aliishona kwa tabu. Uso uliokuwa juu ndio uliozungumza. Ukichoka, Dadu alijigeuza, na uso mwingine ukaimalizia sentensi ile ile kwa maoni tofauti.

Mbele yake kulikuwa na foleni ya watu walioomba vipaji. Bwana mmoja alitaka kipaji cha Kupiga Chafya.

"Sharti lake ni pua," Dadu akasema.

Bwana yule akaonyesha pua.

"Hiyo umezaliwa nayo," Dadu akasema. "Anayefuata."

Bwana akaondoka huku machozi yanamlengalenga, chafya imemkaa puani, haitoki wala hairudi.

Tunu hakupanga foleni. Alikwenda moja kwa moja mpaka jukwaani. Njiani kitu kidogo kilimshika upindo wa kanga. Kilikuwa kiumbe chenye kichwa cha mviringo na mkia uliopinda.

"Koma," kikasema.

"Nikome nini? Hata sijaanza!"

"Ni jina langu. Kila mtu hulipokea vibaya." Kiumbe kilipangusa jasho. "Mimi nakaa ndani ya sheria, katikati ya maneno. Shemeji yako hunihamisha. Asubuhi ananiweka mbele ya neno, jioni ananiweka nyuma yake. Unauona mgongo huu? Zamani nilikuwa nimenyooka."

"Pole."

"Si pole ninayoitaka. Nataka mtu amwambie."

Tunu akapanda jukwaani, akavuta pumzi mpaka mbavu zikamuuma, akafungua kinywa amtolee Dadu yote aliyokuwa nayo. Kilichotoka ni: "Samahani."

Akajaribu tena, kwa nguvu zaidi. Ikatoka: "Samahani sana."

Akatafuta tusi, moja la sokoni, lenye meno. Likatoka: "Hamjambo?" Ukumbi mzima ukaitikia, "Hatujambo."

"Usijisumbue," Dadu akasema. "Hasira ni kipaji. Sharti lake ni Uvumilivu wa daraja la mwisho. Wewe Uvumilivu wako," akajigeuza, uso mwingine ukamtazama kutoka juu mpaka chini, "hata daraja la kwanza haujafika."

Tunu alihisi hasira inapanda ndani yake kama maziwa jikoni, ikifika kooni inakuta kifuniko. Na chini ya sakafu ya ukumbi, kwa mbali, mtu aligonga, akapumzika, akagonga.

"Nani hapa ana Uvumilivu wa daraja la mwisho?" akauliza. Kuuliza kwa adabu kuliruhusiwa.

"Mimi," akasema mtu aliyekuwa mbele ya foleni.

Alikuwa Zuhura. Amevaa shela ya harusi yake, hina mbichi mikononi, na juu ya mikono hiyo amebeba sinia la vyombo vichafu lililopanda mpaka kidevuni.

"Dada!" Tunu akasema. "Kumbe wewe unaweza kukasirika!"

"Naweza," Zuhura akasema, kana kwamba ameulizwa kama ana kiberiti. "Sharti nilitimiza zamani. Kipaji nilipewa."

"Sasa mbona hukasiriki?"

"Nasubiri zamu yangu."

"Tangu lini?"

Zuhura akageuza macho, akautazama ukumbi, vile viti, yale mafundo ya zambarau. Kikombe kimoja kilitikisika juu ya sinia, akakituliza kwa kidevu.

Hapo ndipo Shaweji alipoingia. Hakutembea. Alikuja amekalia kitabu cha sheria, na kitabu kilikuwa kikubwa kama kitanda cha watu wawili, kinateleza chenyewe sakafuni. Alikuwa anatafuna karanga.

"Kuna tatizo gani?" akauliza.

"Huyu anataka kukasirika," Dadu akasema.

"Haruhusiwi," Shaweji akasema. "Sheria ziko wazi."

"Ziko wazi wapi?" Tunu akauliza.

"Humu," Shaweji akasema, akipiga kofi kitabu pembeni ya paja lake.

"Zisome."

"Nazijua."

"Inuka basi, ukifungue, uzisome."

Shaweji akatafuna. Hakuinuka. Kugonga kule chini kukasikika vizuri, na sasa mapumziko yalikuwa marefu kuliko mapigo.

Tunu alisimama katikati ya jukwaa. Alimfikiria mzee wa magoti mabovu anavuta kitu kinachofanana na hewa. Alimfikiria Nasra na begi lake, akienda mahali panapofanana na shule. Alimfikiria dada yake na lile sinia. Na kwa kuwa hasira ilikuwa imezibwa kinywani, ilibidi ipande kichwani, na huko ikageuka kuwa hoja.

"Mheshimiwa Dadu," akasema. "Hasira ya kwenye sharti ni ipi? Ya kusomea au ya kuzaliwa nayo?"

Dadu akajigeuza mara mbili. "Ya kusomea. Kwa uvumilivu."

"Mimi yangu sikuisomea. Muulize mama yangu. Nilitoka tumboni nimekunja ngumi."

"Naam."

"Basi hii niliyo nayo si hasira. Inafanana na hasira."

Koma, kule chini, alinyoosha mgongo kidogo.

"Na kifuniko mlichoniwekea," Tunu akaendelea, "ni cha hasira."

Dadu alianguka kutoka kitini. Hakuanguka kwa bahati mbaya; kuanguka ndiko kufikiri kwa dadu. Alibingirika jukwaani, akapita chini ya meza ya keki, akagonga ukuta, akatulia. Uso uliokuwa juu ulikuwa wa ishirini.

"Ni kweli," uso wa ishirini ukasema. "Haihusiki."

"Hapana!" Shaweji akasema. "Hiyo si maana ya sheria! Huwezi kuchukua neno langu na—"

Hakumaliza, kwa sababu Tunu alifungua kinywa.

Kilichotoka hakikuwa maneno. Ilikuwa sauti ya mtu aliyesema samahani mara nyingi mno. Vitambaa vya viti vilijivua vyenyewe. Feni zikasimama kusikiliza. Yule bwana wa chafya, kule nje, akapiga chafya moja ndefu yenye raha, akamshukuru Mungu. Zulia la jukwaani likajikunja, na chini yake, pale sakafuni, ukaonekana mlango. Ulikuwa ule ule wa chumbani kwake, ila sasa ulikuwa wa jiwe.

Tunu akapiga magoti.

"Sharti?" mlango ukauliza, lakini sauti haikuwa ya karani tena.

"Sitakufungua," Tunu akasema. "Sina kipaji. Nitafanya jambo linalofanana na kukufungua."

Mlango ukafikiri.

"Hilo," ukakiri, "halina sharti."

Akaweka viganja juu ya jiwe. Jiwe likalainika. Likaingia vidoleni kama unga wa maandazi, akalichota, akalitupa kushoto na kulia, mpaka ukatokea mkono. Mkono wa mzee, wa kijivu kwa vumbi, umetulia mno.

Tunu akaudaka kwenye kifundo, akakaza kucha zake zenye hina, akavuta. Mzee alikuwa mzito kuliko mzee yeyote. Alikuwa na uzito wa mtu aliyekwisha kukubali. Tunu akavuta mpaka ukucha wa kidole cha shahada ukavunjika ndani ya ngozi ya mzee, na bado mzee hakusogea, na jiwe likaanza kurudi kuwa gumu.

"Dada!" akaita.

"Si zamu yake," Dadu akasema.

"Mama Nasra, si zamu yako," Shaweji akasema.

Sinia likaanguka. Vyombo vya miaka yote ile vilivunjika kwa pamoja, sahani na vikombe na bakuli la mchuzi, na vigae vikaruka mpaka kwenye feni.

"Nyamazeni," Zuhura akasema.

Alisema kwa sauti ya chini, na wakanyamaza. Akavua viatu vya harusi, akaja, akamshika mdogo wake kiunoni, akakanyaga ukingo wa jiwe kwa mguu mmoja, akavuta. Walivuta pamoja bila kuhesabiana. Mzee Kiroboto akatoka kama jino, kwanza bega, kisha kichwa, kisha yale magoti mabovu, akabwagika juu ya zulia, akakohoa vumbi, akafungua jicho moja.

"Maji," akasema.

Tunu akaamka.

Kulikuwa kumekucha, na jua limefika kwenye miguu ya kitanda. Alikaa kidogo akisikiliza. Mlango ulifunguka kama mlango. Aliutazama kwa chuki, akapita.

Sebuleni Shaweji alikuwa anakunywa chai na vitumbua. Alipomwona Tunu alisema, kwa upole wa mtu aliyeshinda, "Shemeji, nimelifikiria tena lile jambo la jana. Nimeona nilikuwa sahihi."

Tunu alikuwa anamwangalia Zuhura, aliyetoka chumbani amevaa gauni jeupe la uuguzi. Lilikuwa limembana kidogo mabegani. Alikuwa anafunga saa mkononi.

"Unakwenda wapi?" Shaweji akauliza.

"Zahanati. Wananisubiri. Nasra nimeshampeleka shule."

"Mama Nasra, tulishaelewana. Chekechea si—"

"Nyamaza, Baba Nasra."

Hakupandisha sauti. Shaweji alibaki na kitumbua mkononi, mdomo wazi, kama mtu aliyerushiwa kitu akakosa kukidaka. Alimtazama mkewe, akamtazama shemeji yake, kisha akaona ni heri atazame chai. Katika miaka yote ya ndoa ile, neno hilo lilikuwa halijawahi kuingia sebuleni mle kutoka upande huo.

"Nikirudi tutazungumza," Zuhura akasema. "Na safari hii nitaanza mimi."

Akawa anatafuta mkoba wake pale Pendaeli alipobisha hodi. Alikuwa na begi begani. Basi la Songea lilikuwa halingoji mtu, alisema, amepita kuaga tu.

"Karibu ndani," Zuhura akasema.

"Nimeshakaribia, dada. Ila naomba maji. Sijui nimelala vipi, nimeamka na kiu haina mfano. Nimekunywa nyumbani, nimekunywa dukani hapo, wapi!"

Zuhura akamletea. Pendaeli akanyoosha mkono wa kulia kupokea bilauri, na shati likapanda. Kwenye kifundo cha mkono kulikuwa na alama za kucha, zimepangana, mbichi.

"Nani kakuparura hivyo?" Shaweji akauliza, akifurahi kwamba kuna jambo jingine la kuzungumza.

"Ndilo hilo, kaka. Nimeamka nazo. Nalala peke yangu, na paka sina."

Akanywa bilauri yote bila kupumua, akaomba nyingine.

Tunu alimsogelea, akaushika ule mkono, akaugeuza kwenye mwanga wa mlangoni. Kwenye alama moja, ile ya pembeni, kulikuwa na kitu chembamba kimejificha chini ya ngozi. Akakibana taratibu kwa kucha za mkono wa kushoto, akakitoa, akakiweka kiganjani.

Kilikuwa kipande cha ukucha, kimepakwa hina.